Miandiko Miwili Katika Daftari la Ndege

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari minne tu, imepigwa chapa, na chini yake palikuwa na nukta nukta za mimi kuandika jina langu. Ilisema kwamba mimi, katibu wa kijiji, siufahamu mwandiko uliomo katika daftari nililoonyeshwa, wala sijui maana ya hesabu zilizoandikwa humo, wala sijui mwenye daftari anafanya nini ziwani kila asubuhi. Ilikuwa Musoma mjini, katika ofisi moja yenye feni isiyozunguka. Ningeweza kuirudisha karatasi ile mezani. Hakuna aliyenishika mkono. Niliisaini. Nimeshakuwa mzee, nimekubali mambo mengi ya kijinga katika maisha yangu, lakini ningepewa siku moja tu ya kurudi nyuma, ningerudi pale mezani nikakatae.

Mwenye daftari tulimwita Mwanafunzi. Alikuwa wa kwanza kutoka kwetu Mugango kwenda chuo kikuu, na jina hilo lilimganda. Watoto walimwita Mwanafunzi, wazee walimwita Mwanafunzi, na mama yake akitaka kumtania alisema, "Mwanafunzi, ugali umeiva, au mpaka upigiwe kengele?" Jina hilo halikumtoka hata alipoota mvi. Nami sitamtaja kwa jina jingine.

Alikuwa mrefu, shingo mbele, na alitembea akiinua miguu juu kama mtu anayevuka maji. Penseli yake aliichonga kwa wembe mpaka inachoma kidole. Alikwenda kusomea uhandisi, na kijiji kizima kilikuwa kinamsubiri arudi atengeneze barabara. Wakati wa masika gari la pamba lilikuwa linakwama njiani siku tatu, na watu walipokuwa wanalisukuma ungemsikia mmoja akisema, "Tusukume tu, Mwanafunzi yuko darasa la kumi na tano, bado kidogo." Walisema kwa utani, lakini walimaanisha.

Kwa hiyo aliporudi likizo ya kwanza na darubini shingoni, watu walidhani ni chombo cha kupimia barabara. Walimfuata kundi zima mpaka mtoni. Akakaa kwenye jiwe, akaielekeza ile darubini kwenye majani marefu ya mabingobingo, akanyamaza karibu saa nzima. Mwisho mzee mmoja alimuuliza ameona nini. Akajibu kwamba ameona yangeyange sita na kwarara wawili. Yule mzee aliwageukia wenzake akawaambia twendeni nyumbani.

Mazoea haya ya ndege hakuzaliwa nayo. Aliyapata Dar es Salaam, mwaka wa kwanza, na aliniambia wazi kwamba chanzo kilikuwa njaa. Jumapili chakula cha bwenini kilichelewa. Palikuwa na mwalimu mmoja, si wa uhandisi, aliyekuwa akiwachukua wanafunzi alfajiri kwenda kutazama ndege kwenye mabwawa, na baadaye aliwapeleka nyumbani kwake wakanywa chai na mayai. Mwanafunzi alikwenda kwa ajili ya mayai. Jumapili ya tatu akapewa darubini ashike zamu yake, akamwona mdiria amesimama hewani juu ya maji, anapiga mabawa, kichwa hakitikisiki.

"Niliona aibu, Katibu," aliniambia. "Ndege wale kwetu wamejaa. Nimewarushia mawe tangu nikiwa mdogo. Kumbe nilikuwa nawarushia mawe ndege ambao sijawahi kuwaona."

Yule mwalimu alipokuwa anaondoka nchini alimwachia darubini. Kioo kimoja kilikuwa na ufa, kwa hiyo Mwanafunzi alifumba jicho la kushoto kila alipoitumia, na baada ya muda akawa analifumba hata anapoongea na mtu juu ya jambo zito. Kama alikufumbia jicho, ujue anakusikiliza.

Kijiji kilimcheka sana. Ni lazima mjue kwamba kwetu ndege ni adui. Mtama ukishaanza kukomaa, watoto na kina mama wanakaa shambani kutwa nzima kuwafukuza, wanapiga madebe, wanarusha udongo kwa kombeo. Mama yake alikuwa akiwaambia wenzake kisimani, "Watoto wa wenzangu wanafukuzaga ndege. Wa kwangu serikali imemsomesha awafuate." Wenzake walicheka mpaka ndoo zikamwagika.

Lakini ukimwona shambani kwa mama yake ungeshangaa. Alikuwa na shabaha kuliko wote. Kwelea walipotua kwenye mtama aliwapiga kwa kombeo bila huruma, halafu akawaokota, akawachoma, akala. Nilimuuliza mapenzi ya ndege yamekwenda wapi. Akasema, "Asubuhi ni ya kutazama. Saa nne ni ya mtama." Alikuwa hivyo. Hakuona tabu yoyote kati ya mambo hayo mawili.

Kwenye shamba la kijiji, la pamba, alifika kabla ya kengele na alilima vizuri. Ila angeweza kusimama ghafla jembe likiwa juu, kichwa kimeelekea mbinguni, na mstari mzima nyuma yake ukasimama. Msimamizi alimwandikia kosa mara mbili. Mara ya tatu alikuja kwangu kulalamika, nikamwambia nitaongea naye. Niliongea naye kweli, lakini tuliongea juu ya yule ndege.

Maana nami nilikuwa nimeshaingia katika mambo hayo ya ndege. Niseme jinsi ilivyokuwa. Mimi nilimaliza kidato cha nne Musoma, nikasubiri majina ya kuendelea, na jina langu halikuwemo. Nikarudi nyumbani, wakanipa ukatibu wa kijiji kwa sababu moja kubwa: mwandiko wangu. Nilikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala upande mmoja, herufi zimelingana kama mahindi kwenye gunzi. Barua zangu zilipofika Bunda makarani waliitana kuja kuziona. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Likizo ya pili Mwanafunzi alikuja nyumbani kwangu na daftari. Alisema hawezi kushika darubini na penseli kwa wakati mmoja, anapoteza hesabu, na angefurahi kama ningekuwa namwandikia. Nilikwenda asubuhi moja ili nisionekane nina dharau. Nikaenda tena. Ikawa kila alipokuja likizo, kabla sijafungua ofisi, tulikuwa tumeshakaa kwenye mawe ya ziwa, yeye anataja kwa sauti ya chini, mimi naandika. Mnandi kumi na wawili, saa kumi na mbili na nusu, wanaelekea magharibi. Mbayuwayu arobaini, wametoka kaskazini. Furukombe mmoja, juu ya mti uleule. Alinifundisha kwamba mdiria dume ana mikanda miwili myeusi kifuani na jike ana mmoja. Nilipomtambua jike wa kwanza peke yangu, bila darubini, alinishika mkono kama waziri.

Alikuwa na sheria moja tu, na alikuwa mkali juu yake kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha. Usiandike ambacho hukukiona. Siku moja walipita bata, nikaandika ishirini kwa sababu walionekana kama ishirini. Aliniuliza kama nimewahesabu. Nikasema wanakaribia ishirini. Alifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, akasema, "Kama hukuhesabu, andika hukuhesabu. Daftari likishasema uongo mara moja, kurasa zote zimekufa." Nilikasirika, nikamwambia ni bata tu, hawatakwenda mahakamani. Akafumba jicho la kushoto, akanitazama, akacheka.

Nataka nikiri kitu ambacho sikumwambia. Pale kwenye mawe, daftari likiwa gotini, nilijiona nami niko chuoni. Jina langu ambalo halikuwemo, nililiona limo. Sijui kama alijua. Nadhani alijua, maana kila alipokuwa anarudi Dar aliniachia kitabu kimoja na kusema nikisome mpaka atakaporudi, kana kwamba ananipa kazi ya likizo.

Hakuwa malaika. Alikuwa na majivuno ya Kiingereza, akikasirika alikuhamia huko. Hakuwa na subira na watu wanaoongea polepole. Alimdanganya mama yake kwamba ndege ni sehemu ya masomo, wanampa maksi, na yule mama akawa anawatangazia watu hivyo kisimani kwa fahari. Mara moja nilipoitwa Butiama kwenye semina ya makatibu wa vijiji, aliomba aje nami, tukaenda. Wakati hotuba inaendelea juu ya kilimo bora, ndege alikuwa anajenga kiota kwenye boriti ya ukumbi. Mwanafunzi alitazama juu, kisha mimi nikatazama juu, kisha safu yetu yote ikatazama juu, mpaka mtoa hotuba mwenyewe akanyamaza akauliza paa lina nini. Mwanafunzi akasimama, akajibu kwa heshima zote kwamba paa ni zima, ila lina mpangaji. Ukumbi mzima ulicheka, mtoa hotuba naye akacheka. Njiani kurudi nilimgombeza, lakini nilikuwa nacheka huku namgombeza. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka kuwa ya mwisho ya furaha kati yetu.

Mwaka uliofuata mambo ya kaskazini mwa ziwa yaliharibika, vita na majirani vikanukia. Redio ilitukumbusha kila siku tuwe macho, adui ana macho yake hata kati yetu. Mgambo walikuwa wanalinda ufuko wa ziwa. Hawakuwa wa kijijini kwetu, walitoka sehemu nyingine, kwa hiyo hawakumjua. Asubuhi moja walimkuta kwenye mawe na darubini imeelekea majini. Mimi siku hiyo sikuwepo, nilikuwa nimetangulia ofisini kuandaa mkutano. Walifungua daftari wakaona hesabu, saa, na upande ambao kila kundi limetokea. Walimchukua pamoja na daftari, wakamlaza Bunda, kesho yake wakampeleka Musoma.

Siku ya tatu nikaitwa. Nilikwenda nikiwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba ni ndege, kwamba namjua, kwamba hata mimi tunakwenda naye. Kilikuwa kitu cha dakika mbili. Niliamini tungerudi naye jioni.

Nilipoingia alikuwa amekaa kwenye benchi, hana viatu. Afisa alikuwa na daftari wazi mbele yake. Hakuwa mtu mkali. Alinikaribisha kiti, akaniita Ndugu Katibu, akaniambia nisubiri kidogo, halafu akaendelea na Mwanafunzi.

"Humu kuna miandiko miwili," alisema. "Mmoja mbovu, mmoja mzuri sana. Ndege wako nimewasikia. Mimi nataka mwenzako."

Hapo ndipo maneno yangu yalipokauka. Nilikuwa nimefikiria juu yake njia nzima, sikuwa nimefikiria juu ya mwandiko wangu. Karibu nusu ya daftari lile ilikuwa yangu. Mwanafunzi hakunitazama. Alitazama ukuta.

"Hakuna mwenzangu, mzee," alisema. "Naandikaga kwa mikono yote miwili. Wa kulia ukishika darubini, naandika kwa kushoto."

"Kwa hiyo huu mzuri ni wa kushoto."

"Ndiyo."

Afisa akampa kalamu na karatasi. Mwanafunzi akaandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilianguka huku na huku kama za mtoto wa chekechea. Askari aliyekuwa mlangoni alicheka. Afisa hakucheka. Aliiweka karatasi ile kando ya daftari, akaniambia kwa upole kwamba mtu asiye na kosa hafichi mwenzake. Kisha akanisogezea ile karatasi ya mistari minne.

"Ndugu Katibu, wewe unajua barua za kijiji chako. Mwandiko huu unaufahamu?"

Mwanafunzi alikuwa bado anatazama ukuta. Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, lakini bado ningeweza kuingia nikakaa upande wake. Kama ningesema ni wangu, uongo wake ungeisha, na ndege wangebaki kuwa ndege. Labda tungelala wote wawili mle ndani siku mbili, tatu, mpaka mtu afike Mugango akaulize. Kijiji kizima kingeshuhudia, maana kijiji kizima kilitucheka. Nilijua hivyo palepale, sikujua baadaye. Nilifikiria ukatibu wangu. Nilifikiria mke wangu mjamzito. Nilifikiria nitakavyokaa kwenye lile benchi bila viatu.

Nikasema siufahamu.

Ndipo nikagundua kwamba natakiwa kuandika jina. Kwa mwandiko ule. Nilishika kalamu nikaandika jina langu kama mtu aliyejifunza kuandika jana, herufi zimesimama wima, nyingine kubwa, nyingine ndogo. Afisa aliitazama, akasema asante. Mwanafunzi naye aliitazama. Nilimwona akilifumba jicho lake la kushoto.

Alikaa ndani miezi saba. Mama yake alikuja ofisini kwangu kila wiki kuuliza kama kuna habari, na kila mara alinishukuru kwa kwenda Musoma kumtetea mwanawe. Nilipokea shukrani zile. Alipotoka, chuo kilitaka barua ya tabia njema kutoka kijijini kabla hajarudi darasani. Ndiyo ilikuwa taratibu ya siku zile, bila barua ya kwenu huingii. Lakini kijiji hakiwezi kumwandikia barua mtu ambaye katibu wa kijiji ameshaandika Musoma kwamba hajui anafanya nini. Kamati ilijadili, ikaogopa. Nami nilikaa pale na muhuri mbele yangu, sikusema neno.

Hakurudi chuoni. Barabara ya Mugango wakaja kuitengeneza watu wengine, miaka mingi baadaye. Yeye alishona nyavu, akatengeneza baiskeli za watu, akaoa, akazeeka. Watu waliendelea kumwita Mwanafunzi, na vijana waliozaliwa baadaye wakadhani ni jina la utani la mtu asiyejua kusoma. Darubini haikurudishwa. Aliendelea kwenda kwenye mawe yale na macho yake matupu.

Mimi tulipokutana njiani alinisalimia, kila siku, bila kukosa. "Habari za ofisi, Katibu." Hakuniambia neno jingine, wala hakuniita ziwani. Ningevumilia matusi vizuri zaidi. Mwishowe niliomba kazi kwenye ghala la pamba Bunda, nikahama. Na kwa kuwa nilishajitia mwandiko mpya mbele ya afisa, niliogopa mtu asije akalinganisha, nikaendelea nao. Barua, hesabu za ghala, barua kwa watoto wangu, zote niliziandika kwa herufi zile zilizosimama wima. Mwaka wa kwanza nilikuwa naigiza. Baadaye niliacha kuigiza, mkono wenyewe ukawa umesahau.

Nilirudi Mugango mara moja ya maana, mke wangu akiwa ameshafariki na mimi nimeshastaafu. Nilikwenda kuomba msamaha. Ndani ya gari toka Bunda nilirudiarudia maneno kama mtoto anayetumwa dukani. Nilimkuta palepale kwenye mawe asubuhi, amekaa kwenye gunia, macho yameingiwa na ukungu wa uzee. La kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, la kulia lilikuwa bado linaona kitu kikisogezwa puani. Alinijua kwa sauti.

"Katibu," alisema. "Kaa. Usiongee kwanza, kuna mtu hapo majini."

Alinyoosha kidevu kwenye mabingobingo. Nikasikia mlio mwembamba, mkali, wa haraka. Nikatazama.

"Ni nani?" akauliza.

Nilimwona vizuri kabisa. Macho yangu ni mazima. "Ndege," nikasema. "Mweusi kwa mweupe."

"Mikanda mingapi?"

Sikumwelewa. Nilipomwelewa, ndege alikuwa ameshaondoka. Nikamwambia sikutazama.

Ziwa lilikuwa linagonga mawe polepole. "Ulikuwa unawajua wote," alisema.

Kisha akaingiza mkono chini ya gunia akatoa daftari, la shule, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na penseli iliyochongwa kwa wembe. Alisema siku hizi anakuja na ndege anawasikia, lakini hana wa kumwandikia. Akanipa. Akasema niandike nilichokiona, basi, hicho hicho. Nikaandika saa, na chini yake nikaandika: ndege mmoja, mweusi kwa mweupe, mikanda haikuhesabiwa. Nilijisikia nafuu kidogo kwamba angalau sikudanganya.

Akalichukua daftari akalisogeza mpaka likagusa pua, kwenye lile jicho la kulia. Alipitisha mstari polepole, neno kwa neno. Alirudia. Nilidhani anafurahi.

"Huu si mwandiko wako," alisema.

Nikamwambia ni wangu.

"Wako ulikuwa mzuri," alisema. "Nilikaa miezi saba ili ule usiguswe."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja idadi. Maneno niliyokuja nayo toka Bunda yote yalikuwepo mdomoni, na sikuyasema. Niliinuka, nikasema gari litaniacha. Alinyoosha mkono, nikaushika, akaniambia nisalimie ofisi. Alifariki kabla ya masika. Habari zilinikuta Bunda akiwa ameshazikwa.

Haya nayaandika kwa herufi zile zilizosimama wima, sina nyingine. Yeye alipoteza chuo kikuu, na kijiji kilipoteza mhandisi wake. Mimi niliubakiza ukatibu, nikakaa nao miaka minne. Nilimpoteza mtu mmoja aliyewahi kuniona kuwa msomi, naye ndiye rafiki pekee niliyewahi kuwa naye.